Ngoma ya Kituo cha Bega

Kati ya wahandisi wote wanaopanda volkano za Alaska kutengeneza vipima mitetemo, hakuna aliyekuwa na ulimi kama Orrin Tveit. Kazi aliijua, hilo tusimnyang'anye. Ila alikuwa mtu wa aina ile ambaye akijua jambo moja vizuri, basi kila asiyelijua ni mpumbavu, na anayelijua kidogo ni mpumbavu zaidi kwa kuthubutu. Wanaokaa ofisini kusoma mistari ya mitetemo kwenye skrini aliwaita watu wa viti. Wanaoogopa helikopta aliwaita mayai. Aliyekosea hata mara moja alibandikwa jina, na jina la Orrin halikutoka hata kwa sabuni.

Marlys Pruitt alipata lake miaka miwili nyuma. Siku hiyo alikuwa zamu, mistari ya kituo kimoja ikaanza kurukaruka, naye akapandisha rangi ya tahadhari ya mlima kutoka kijani hadi machungwa. Kumbe dubu alikuwa akijikuna mgongo kwenye kibanda cha kituo. Orrin alikwenda kukagua, akarudi na manyoya ya dubu, akayabandika juu ya meza ya Marlys. Tangu hapo mwanamke mzima, mwenye shahada mbili na wajukuu, akawa anaitwa Mama Dubu, hata na mpishi wa kantini. Marlys alicheka pamoja nao. Angefanya nini?

Wala Orrin hakuishia hapo. Alimganda mkurugenzi mpaka zikapitishwa kanuni mbili alizozitunga mwenyewe. Ya kwanza, mlima ukiwa machungwa, helikopta isiukaribie. Ya pili, rangi ikishapanda haishuki kwa maneno. Mtu akidai kwamba mtetemo haukutoka mlimani bali umesababishwa na kitu kilichokuwa kituoni, basi aurudie uleule kwenye mashine ileile, walio zamu wauone kwa macho yao.

"Maana watu wa viti," alisema kikaoni, Marlys amekaa palepale, "ukiwaachia maneno tu, watakwambia mlima una mafua."

Watu wakacheka, na kanuni zikapita.

Sasa, binti yake Orrin, Britta, alikuwa anaolewa Jumamosi mchana mjini Homer. Na Ijumaa baba mtu alikuwa anapakia betri kwenye helikopta.

"Hata wiki hii, Baba?" Britta alikuwa amemuuliza.

"Mlima haungoji, mwanangu."

Neno hilo Britta alilisikia siku ya mahafali yake. Alilisikia alipovunjika mkono, na alilisikia siku alipokuja kumtambulisha mchumba, akaishia kumtambulisha kwa viatu vya baba yake mlangoni. Safari hii hakubishana. Alisema hataki zawadi wala hotuba. Alitaka kitu kimoja: baba yake acheze naye walzi, ile dansi ya hatua tatu waliyokuwa wakiicheza babu na bibi yake, aianze na aimalize, mbele ya watu.

"Mimi na dansi wapi na wapi? Sina muda wa kujifunza," Orrin alijibu.

Uongo mtupu. Mwezi mzima alikuwa akijifungia gereji, simu ameiegemeza kwenye tairi, anafuata video. Mwanzo aliuweza, na kona ya kwanza aliiweza. Kona ya pili ndiyo ilimshinda, maana hapo mguu wa kushoto ulikuwa haujui wa kulia umekwenda wapi. Kila akifika hapo alisimama, akatukana, akaanza upya. Hakumwambia mtu. Aliyewacheka watu maisha yake yote anajua vizuri kicheko kinavyouma.

Mlima wenyewe, Kusilak, uko ng'ambo ya ghuba, na ulikuwa na vituo vitatu. Kimoja dubu walikuwa wametafuna nyaya zake. Cha pili kilikuwa kwenye ratiba ya Orrin tangu Juni, na Agosti ilikuwa inakwisha kikiwa bado kwenye ratiba. Kilichobaki hai ni kimoja tu, kile cha Bega, kilichokaa juu kwenye bega la mlima, na betri zake zilikuwa zinakata roho. Kikizima hicho, Kusilak ungekuwa hauna sikio hata moja. Orrin hakutaka kumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Alipanda Bega na Zenia Lukin, mhandisi mwenzake, mzaliwa wa kijiji cha Nanwalek, mwanamke ambaye hakuwa akiogopa dubu wala bosi.

"Bosi, kesho si una harusi?" Zenia alimuuliza, akimkabidhi spana. "Mbona unabembeleza nati kama tunalala hapa?"

"Kaza yako uniachie yangu. Umeuona ule ukungu baharini? Ukifika hapa hautoki mpaka Jumanne. Gus akitua nataka atukute tumekalia mizigo."

Gus Wassillie ndiye rubani. Alikuwa amewashusha asubuhi, akarudi pwani kujaza mafuta, na angewafuata alasiri. Mambo yote yalikuwa yamepangwa vizuri, na Orrin hakuacha kulisema hilo.

Betri zikafungwa, kibanda kikafungwa. Ikabaki desturi moja. Katika kazi hiyo, kabla hujaondoka unapiga simu ofisini, kisha unakanyaga ardhi kwa nguvu mara tatu kando ya shimo kilimofukiwa kipima mitetemo chenyewe. Wa ofisini akiviona vishindo vitatu kwenye skrini, kituo kimepona. Unamwambia unafunga, unashuka hadi mahali pa kutua helikopta, na hukanyagi tena pale, kwa sababu mashine ile husikia hata mbweha akipita.

Orrin akakanyaga. "Mama Dubu, umeviona?" aliuliza kwenye simu ya setilaiti.

"Nimeviona vitatu. Safi kabisa, Orrin."

"Hongera. Leo hukuvipa manyoya."

Marlys aliuliza, "Mnafunga?"

"Tunafunga. Kuanzia sasa kituo hakina mtu."

Akazima simu. Alimwambia Zenia anaokoa chaji. Ukweli ni kwamba hakupenda watu wa viti wamfuatefuate na maswali. Zenia akachukua ndoo yake, akateremka kuchuma blueberi, vitunda vidogo vya rangi ya zambarau, maana mwaka huo zilikuwa zimejaa mteremko mzima. Orrin alitakiwa kuburuta betri kuukuu hadi mahali pa kutua. Akaziburuta, akarudi kuchukua beleshi, na hapo ndipo shetani alipomkuta.

Upepo ulikuwa umetulia. Kando ya shimo palikuwa pamesawazishwa vizuri, kokoto zimeshindiliwa kama sakafu. Alipasawazisha mwenyewe miaka mingi iliyopita, na mlima mzima hakukuwa na mahali pengine tambarare pa kutosha hata kuweka meza. Harusi ni kesho. Kona ya pili bado haijakubali.

"Dakika mbili tu," alijiambia.

Akalishika beleshi kiunoni, mkono mwingine akauinua, akaanza. Moja, mbili, tatu. Mabuti yake ya mlimani, makubwa na mazito, yakishuka kwa kishindo kwenye moja na kugusa kidogo kwenye mbili na tatu. Kona ya kwanza akapita. Kona ya pili, mguu ukakwama. Akasimama, akalitukana beleshi kana kwamba ndilo lililokosea, akaanza upya. Alirudia na kurudia, jasho likimtoka, ulimi nje. Mtu aliyekuwa akiwahubiria wengine kwamba mashine ile husikia mbweha, alirukaruka juu ya mashine hiyohiyo kwa muda mrefu sana, na wala halikumpitia akilini.

Hatimaye akachoka, akashuka kwenye mizigo, akakaa. Zenia alikuja na ndoo iliyojaa. Wakala biskuti ngumu na salmoni wa kukaushwa. Gus hakuja. Ukungu ulikuwa umeshameza visiwa vya mbali.

"Rubani huyu amelala," Orrin alisema. "Nilishasema huyu ni yai." Akawasha simu.

"Mzee!" Gus alipiga kelele hata kabla ya salamu. "Mko hai?"

"Tuko hai, tunakusubiri wewe! Uko wapi?"

"Niko chini, nimezuiwa! Ulikuwa umezima simu ya nini? Mlima wenu umepanda machungwa. Ndege ya mizigo ya kwenda Asia imegeuzwa njiani, na watu wa kijiji cha pwani wanapakia watoto kwenye mashua. Ofisi inasema mlima unapiga ngoma!"

Orrin akashusha simu. Kwa watu wa kazi hiyo, ngoma ni neno la kutisha. Ni mitetemo midogo inayofuatana kwa mwendo mmoja, kama mtu anayepiga ngoma chini ya ardhi, na maana yake ni lava nzito inayojisukuma kuja juu. Baada ya ngoma, mara nyingi mlima hupasuka.

"Ngoma, Zenia," alisema. "Tumekalia ngoma."

Zenia aliutazama mlima. Ulikuwa umetulia tuli. "Mbona sijasikia kitu?"

"Huwezi kuisikia, ni midogo sana. Inataka uzoefu." Kisha akaongeza, "Mimi niliihisi. Miguuni. Nilipokuwa kule juu."

"Uliihisi, ukanyamaza?"

"Sikutaka kukutia hofu."

Zenia alimwangalia, akavuta ndoo, akaanza kula blueberi kwa viganja. "Basi kama tunakufa, hizi haziendi kwa mtu mwingine," alisema.

Orrin hakumcheka. Aliogopa, na wala si kufa peke yake kulikomwogopesha. Alimwona Britta amesimama ukumbini na gauni jeupe, watu wanamwambia baba yako yuko mlimani, na yeye akiitikia kwa kichwa kama alivyokuwa akiitikia miaka yote. Hilo lilimchoma kuliko moto wowote wa chini ya ardhi. Akapiga simu ofisini.

"Marlys," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili kumwita jina lake. "Niambie unaona nini."

"Orrin! Asante Mungu. Nimekuweka kwenye spika, tuko wote hapa, mkurugenzi yupo, watu wa viwanja vya ndege wapo." Sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Yalianza mara tu mlipofunga. Kituo kingine sina cha kulinganisha, viwili vyote viko kimya, unajua mwenyewe."

"Najua," alisema Orrin, taratibu.

"Mapigo yanakuja matatu matatu. Moja zito, mawili mepesi. Yanakwenda vizuri, halafu yanafika mahali yanakatika ghafla. Kimya kidogo, kisha yanaanza tena tangu mwanzo. Na kila mara yanakatika palepale, Orrin. Sijaona kitu kama hiki. Profesa mmoja wa volkano yuko hapa, anasema lava inapanda, inagonga mwamba, inarudi kujipanga upya."

Orrin aliinamisha kichwa, akayatazama mabuti yake. Yalikuwa na vumbi la kokoto hadi kwenye kamba.

"Orrin? Uko hapo?"

"Nipo." Akakohoa. "Marlys, nafikiri ni hitilafu. Maji yameingia kwenye waya."

"Maji?"

"Maji. Hutokea."

"Basi msiondoke," alisema Marlys, akishusha pumzi. "Fungueni mtengeneze. Nitamwambia Gus asiwashe injini, mlale hukohuko, maana siwezi kuacha Kusilak bila sikio hata moja. Ukungu ukiondoka atawafuata."

"Ukungu utaondoka Jumanne!"

"Ndiyo."

Zenia alikuwa ameacha kula. Alikuwa akimwangalia bosi wake kwa makini, kisha akayaangalia mabuti, kisha akaangalia juu kwenye kituo, na mdomo wake wa zambarau ukaanza kufunguka polepole. Ukungu ulikuwa umefika mdomoni mwa ghuba. Orrin aliutazama, akafumba macho.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?"

"Hiyo lava. Ni mimi. Nilikuwa nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya viungo?"

"Ya walzi, Marlys! Ya harusi ya mwanangu! Na hapo inapokatika ni kona ya pili, siiwezi!"

Huku mlimani Zenia alikuwa ameanguka chali kwenye nyasi, ameshika tumbo, anapiga ardhi kwa ngumi.

"Orrin," Marlys alisema, na sauti haikutetemeka tena. "Mimi nakuamini."

"Asante. Shusha rangi basi."

"Lakini rangi haishuki kwa maneno."

"Marlys, tafadhali."

"Kanuni si yangu. Panda kituoni urudie. Si vishindo vitatu. Mtetemo uleule."

Akapanda. Alipanda mteremko ule na beleshi lake, mzee wa volkano, huku akijua kwamba ofisini watu wote wamevuta viti mbele ya skrini moja, watu wa viti kwelikweli, na wa viwanja vya ndege, na profesa. Zenia alimfuata akijifuta machozi.

"Tupa hilo chuma, nishike mimi," alisema. "Kwetu tunaicheza hii kila Krismasi."

Akamshika bega na mkono, akamvuta. Moja, mbili, tatu. Kona ya kwanza. Ilipofika ya pili, Zenia alimsukuma kidogo kwa goti, mguu wa kushoto ukapita wenyewe, na Orrin akajikuta upande wa pili akiwa bado amesimama. Hakuamini. Wakaendelea hadi mwisho, na alipousimamisha mguu wa mwisho alikuwa anacheka kama mtoto.

"Umeona?" alipiga kelele kwenye simu. "Umeona, Marlys?"

"Nimeona. Haifanani."

"Haifanani vipi?"

"Hii haikukatika. Na ina miguu mingi. Profesa anasema hawezi kuikubali." Nyuma yake kulisikika mtu aliyekuwa akijizuia kucheka na kushindwa. "Rudia peke yako, Orrin. Na ukosee palepale."

Basi Orrin Tveit akaliokota beleshi. Hakuhitaji hata kujitahidi kukosea. Alifika kona ya pili, akakwama, akasimama, akaanza upya, akakwama tena, mpaka Marlys aliposema inatosha, ni uleule, mlima unarudi kijani. Gus alitua ukungu ukiwa umeshafunika mto wa barafu chini yao. Aliwapakia bila kusema neno, ila alipokuwa akiinua helikopta alikuwa anaimba kwa pua, hatua tatu tatu.

Siku iliyofuata Homer yote ilikuwa inajua. Mistari ya vituo vile haifichwi, iko wazi kwenye mtandao, na nusu ya Alaska huitazama kama watu wengine wanavyotazama hali ya hewa. Mlangoni mwa ukumbi Orrin alipokelewa na mjomba wa bwana harusi, mvuvi wa samaki aina ya halibuti kutoka kile kijiji cha pwani, aliyekuwa amepakia familia nzima kwenye mashua, pamoja na jokofu.

"Karibu, Lava," mjomba alisema. "Jokofu langu liko gatini mpaka sasa. Tukimaliza kula utanisaidia kulibeba."

Meza ya pili walikuwa wamekaa Zenia na Marlys. Britta ndiye aliyemwalika Marlys, kwa simu, asubuhi ileile. Orrin alipopita, Marlys alimsalimu kwa jina lake kamili, kwa adabu zote, na hilo lilimuuma kuliko Lava.

Muziki ukaanza. Britta akampa mkono.

"Unajua jana nilikuwa wapi?" aliuliza, wakianza hatua za kwanza. "Nilikuwa kwa msusi. Simu mkononi, nimefungua mistari ya Bega, kama ninavyofanya kila ukipanda. Tangu nikiwa mdogo, Baba. Nikaona ngoma inaanza. Nililia mpaka msusi naye akalia."

"Sikujua kama unaitazama," Orrin alisema.

"Ungejuaje?"

Kona ya kwanza ikapita. Orrin alianza kutoa jasho. Kona ya pili ilikuja kama kawaida yake, akautafuta mguu wa kushoto, hakuuona. Akasimama katikati ya ukumbi.

"Imekatika palepale!" mtu alipaza sauti kutoka meza za nyuma, na ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko. Orrin alijua kicheko kile. Ni yeye aliyewafundisha. Akaulegeza mkono wa binti yake, ageuke, arudi mwanzo.

Britta hakuuachia.

"Usianze upya, Baba. Endelea kutokea hapahapa."

"Watu wanangoja, mwanangu."

"Watangoja," Britta alisema. Hakuwa amekasirika, na hakuwa anacheka. "Mlima ndio haungoji. Mimi kungoja nimezoea."

Orrin akamshika binti yake vizuri, akainua mguu, na ukawa mguu sio, akaukanyaga upindo wa gauni jeupe mpaka ukachanika. Britta akaunyanyua kwa mkono mmoja, wakaendelea kucheza.